Upimaji wa Udongo Tanganyika na Nchi Jirani: Kutoka Amani hadi Mlingano

Upimaji wa udongo ni kazi ya kuuchunguza udongo wa eneo zima, kuupanga kwa aina zake na kuzichora aina hizo kwenye ramani, ili ijulikane zao gani litastawi wapi, ardhi ipi inataka matunzo gani, na ipi haifai kabisa kuguswa na jembe. Kazi hii ni tofauti na kupeleka sampuli moja ya shamba maabara. Sampuli hueleza hali ya rutuba ya shamba hilo kwa msimu huo. Ramani ya udongo hueleza tabia za ardhi zisizobadilika kwa mwaka mmoja wala kumi: kina chake, mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi, namna inavyopitisha au kutuamisha maji, na mwamba uliouzaa udongo wenyewe.

Katika Afrika Mashariki kazi hii ina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita Tanganyika. Huko ndiko lilikoanzia wazo ambalo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya kilimo duniani kote. Huko pia ndiko ilikoonekana, kwa gharama ya mamilioni ya pauni, hasara ya kulima kwanza na kupima baadaye.

Elimu ya wakulima

Kabla ya ramani yoyote kuchorwa, wakulima walikuwa na mpangilio wao wa aina za udongo, wenye majina na matumizi yaliyojulikana. Mfano ulio wazi zaidi ni Usukumani, kusini mwa Ziwa Victoria. Nchi hiyo ni ya vilima vya mawe ya matale na mabonde mapana, na kila hatua ya mteremko ina jina lake. Juu, penye mawe, ni luguru. Chini yake kuna udongo wa kichanga uitwao luseni au isanga, na mahali pengine udongo mwekundu uitwao kikungu. Mteremko unapokaribia bonde hukutwa itogolo, udongo wenye tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi, na ibambasi, ambao ni mgumu zaidi na wenye magadi. Karibu na bonde huonekana ibushi, udongo wa rangi ya giza wenye chokaa. Mwisho kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa ndefu wakati wa kiangazi.

Majina hayo yalibeba maelekezo ya kilimo. Luseni ni rahisi kulima kwa jembe la mkono, nao ulipewa mihogo, karanga, njugu mawe na uwele. Ibushi ulipendwa kwa mtama na baadaye kwa pamba. Itogolo ulikuwa malisho ya ng'ombe kwa muda mrefu, hadi kilimo cha mpunga kilipoenea na watu wakaanza kuuzungushia kingo za udongo ili kushika maji ya mvua. Mashamba hayo yenye kingo, ambayo Wasukuma na majirani zao huyaita majaruba, yaliligeuza tabaka gumu lililokuwa kero kwa mahindi kuwa msaada kwa mpunga, kwa kuwa maji hayakupata njia ya kushuka.

Buhaya, magharibi mwa ziwa hilo, tofauti kubwa ilikuwa kati ya kibanja na rweya. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Rweya ni uwanda wa nyasi usio na rutuba. Unguja na Pemba nako, wakulima walitofautisha kichanga, kinongo, kinamo na uwanda wa mawe ya matumbawe, wakijua ni wapi mkarafuu utashika na ni wapi hautashika. Elimu hii haikuandikwa, na ilitosha kwa eneo ambalo mtu aliweza kulizunguka kwa miguu. Haikuweza kumwambia mtu wa Mwanza habari za ardhi ya Mbeya, wala kumpa mtawala wa nchi picha ya nchi nzima.

Msitu uliodanganya

Wakoloni wa Kijerumani walijifunza haja ya kupima udongo kwa njia ngumu. Katika miaka ya 1890 makampuni ya Kijerumani yalifyeka misitu ya Usambara Mashariki ili kupanda kahawa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ardhi inayobeba miti mikubwa namna ile haiwezi kukosa rutuba. Miche ilistawi miaka michache, kisha mavuno yakashuka. Mvua nyingi za milima ile zilikuwa zimeosha virutubisho vya udongo kwa muda mrefu mno, na sehemu kubwa ya rutuba iliyobaki ilikuwa ndani ya miti yenyewe na katika majani yaliyooza juu ya ardhi. Mti ulipoondolewa, rutuba iliondoka nao.

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha taasisi ya baiolojia na kilimo huko Amani, katika milima hiyo hiyo. Taasisi hiyo ilikuwa na maabara, maktaba na bustani kubwa ya mimea. Miongoni mwa wataalamu wa udongo waliofanya kazi katika koloni hilo alikuwa Paul Vageler, aliyechapisha uchunguzi wake juu ya uwanda wa Mkata mwaka 1910 na juu ya Ugogo mwaka 1912. Kazi hizo zilihusu maeneo machache tu, na hazikuunganishwa katika ramani ya koloni zima. Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza utafiti wa Amani, na kwa miaka kadhaa baada ya vita majengo na bustani zake havikupata matumizi ya maana.

Milne na mteremko

Waingereza waliifungua upya Amani mwishoni mwa miaka ya 1920, sasa ikiwa kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1928 alifika mkemia wa udongo aitwaye Geoffrey Milne. Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja: kuueleza udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa lugha moja. Kila nchi ilikuwa na mkemia wake wa kilimo, na kila mkemia alikuwa na majina na vipimo vyake. Mwaka 1932 wakemia hao walikutana Amani na kukubaliana kushirikiana katika kuchora ramani moja.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kipimo. Ramani waliyokusudia ilikuwa ya 1:2,000,000, ambapo sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita 20 ardhini. Lakini katika nyanda za matale za Tanganyika mtu akishuka kilima kimoja kwa kilomita mbili au tatu hukanyaga aina nne au tano za udongo, kisha akipanda kilima kinachofuata hukutana nazo tena kwa mpangilio wa kinyume. Hakuna kalamu iliyoweza kuzichora moja moja kwa kipimo hicho. Kuchagua aina moja na kuziacha nyingine kungekuwa uongo, kwa sababu mkulima anazitumia zote.

Suluhisho la Milne, alilolichapisha mwaka 1935, lilikuwa kuuchora mpangilio wenyewe. Aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na akaelekeza kwamba kwenye ramani rangi moja isimamie mfuatano mzima wa udongo kutoka kileleni hadi bondeni. Msomaji wa ramani akijua yuko katika katena ipi na amesimama sehemu gani ya mteremko, anajua udongo ulio chini ya miguu yake.

Milne alieleza pia sababu. Udongo wa mteremko mmoja hauishi kila mmoja peke yake. Maji ya mvua hupenya kwa urahisi kwenye kichanga cha juu, yakashuka chini kwa chini, yakibeba chumvi na chembe za mfinyanzi. Mengine hupita juu ya ardhi na kuhamisha udongo wenyewe. Sehemu za chini hupokea kile ambacho sehemu za juu zimepoteza. Ndiyo maana tabaka gumu lenye magadi hukutwa karibu na bonde, na mfinyanzi mweusi uliojaa chokaa hukutwa bondeni kabisa, ingawa mwamba wa chini ni ule ule wa matale. Alitofautisha katena ya namna hiyo, ambayo mwamba wake ni mmoja, na nyingine ambayo mteremko wake umekata miamba tofauti, kila mmoja ukizaa udongo wake.

Kwa mkulima wa Kisukuma habari ya mfuatano wa udongo haikuwa ngeni. Ngazi alizozieleza Milne kwa kemia zilikuwa tayari na majina ya luseni, itogolo, ibambasi na mbuga, na wataalamu walioandika juu ya Usukuma baadaye waliendelea kuyatumia majina hayo katika vitabu vyao kwa sababu yalikuwa sahihi kuliko maelezo marefu. Mchango mpya wa sayansi ulikuwa kueleza chanzo cha mfuatano huo, na kuonyesha kwamba kanuni yake inafanya kazi hata katika nchi ambayo mtafiti hajapata kuiona.

Ramani ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1936, ikiwa na kitabu cha maelezo. Tangu Desemba 1935 hadi Februari 1936 Milne alisafiri sehemu mbalimbali za Tanganyika akichunguza udongo njiani, na taarifa ya safari hiyo ilichapishwa mwaka 1947, miaka mitano baada ya kifo chake. Kati ya nyakati hizo aliandika makala za kuonyesha namna elimu ya udongo inavyotumika mashambani. Mwaka 1937 aliandika juu ya mashamba makubwa ya Usambara Mashariki, kulekule kahawa ilikoshindwa. Mwaka 1938 alishughulikia Bukoba, na swali la jinsi udongo wenye asili moja unavyoweza kuwa na rutuba nyingi upande huu na rutuba haba upande ule. Kibanja hakikuwa zawadi ya asili. Vizazi kwa vizazi vilikuwa vimekata nyasi za rweya na kuzitandaza chini ya migomba, vikaongeza samadi ya ng'ombe na majivu ya jikoni. Udongo ulikuwa umetengenezwa na watu, na rweya lilikuwa limelipa gharama yake.

Wazo la katena lilisambaa haraka. Nchini Uganda, ambako vilima vyenye vichwa bapa vya mawe ya chuma hushuka hadi kwenye mabonde ya mafunjo, watafiti Radwanski na Ollier walichapisha mwaka 1959 uchunguzi wa katena ya Buganda ambao ulikuwa mfano kwa kazi nyingi zilizofuata.

Kongwa

Miaka minne tu baada ya kifo cha Milne, Tanganyika ilipata somo la namna nyingine. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulitumwa kutafuta ardhi ya kulima karanga. Ujumbe huo ulimaliza kazi yake kwa wiki tisa, sehemu kubwa ikiwa ni kutazama nchi kutoka angani. Ulipendekeza mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, jumla ya ekari 3,210,000, na 80 kati ya mashamba hayo yawe Tanganyika. Maeneo yaliyochaguliwa nchini yalikuwa Kongwa katika Ugogo, Urambo magharibi, na Nachingwea kusini.

Ramani pekee ya udongo iliyohusu maeneo hayo yote ilikuwa ile ya 1936. Shamba moja la ekari 30,000 ni kama mraba wa kilomita 11 kwa 11. Kwenye ramani ya 1:2,000,000 mraba huo una upana wa nusu sentimita tu, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ramani ya kipimo hicho humsaidia mtu kuchagua mkoa wa kwenda kupima, lakini haimwambii mahali pa kupitisha plau. Upimaji wa kina ambao ungejaza pengo hilo haukufanywa kabla ya matrekta kushushwa bandarini, wala hapakuwa na shamba la majaribio lililoachwa lipite misimu kadhaa.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Mwisho wa mwaka ekari zilizokuwa tayari hazikuzidi 7,500 hivi. Vichaka na mibuyu vilivunja mitambo, lakini vichaka vilikuwa tatizo la kwanza tu. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi wa kutosha kuufanya ukauke kwa ugumu mkubwa mara mvua inapokoma. Karanga huzaa chini ya ardhi, na wakati wa kung'oa ndio wakati huo huo udongo unapokaza. Maganda yaliyokomaa yalibaki chini. Chembe kali za mchanga zilizochanganyika na mfinyanzi huo zilizisaga ncha za majembe ya matrekta katika muda mfupi. Mvua nazo ni chache na hazitabiriki, jambo ambalo kila Mgogo alilifahamu.

Mradi ulifutwa Januari 1951 na deni la pauni milioni 36 likaandikwa kuwa hasara. Wataalamu wa idara ya sayansi ya mradi, chini ya Hugh Bunting, walikuwa wamefanya kazi nzuri ya kupima udongo na mvua, lakini walifika wakati maamuzi makubwa yalikuwa yamepita. Uchunguzi kamili wa udongo wa wilaya za Kongwa na Nachingwea ulichapishwa mwaka 1957, miaka sita baada ya mradi kufa. Sehemu ya ardhi ya Kongwa iligeuzwa ranchi ya ng'ombe, na imebaki ranchi hadi leo. Hayo ndiyo matumizi ambayo wenyeji walikuwa wakiipa ardhi hiyo tangu mwanzo.

Matuta yaliyokataliwa

Kosa la Kongwa lilikuwa kulima bila kupima. Uluguru, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, kosa lilikuwa kutumia dawa moja kwa kila aina ya udongo. Serikali ya kikoloni iliogopa mmomonyoko katika milima inayotiririsha maji ya mto Ruvu, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Kwenye miteremko mikali ambako udongo wa juu ni mwembamba, kuchimba ngazi kulifukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu udongo wa chini usioweza kuzaa. Wakulima waliona mavuno yakishuka kwenye matuta mapya, tena baada ya kazi ngumu isiyo na malipo. Mwaka 1955 upinzani uligeuka ghasia na mpango ukaachwa. Ngazi hizo hizo zimefaa katika milima mingine yenye udongo wa kina kirefu. Kosa halikuwa katika matuta yenyewe, lilikuwa katika kuyapeleka kila mteremko bila kujua kilichomo chini yake.

Kazi ya shimoni

Katika muongo huo upimaji ulipata taratibu ambazo kwa kiasi kikubwa ndizo zinazofuatwa mpaka sasa. Kazi huanza mezani. Picha za ndege hutazamwa mbili mbili chini ya lenzi zinazoonyesha mwinuko, na mpimaji huchora mipaka ya vilima, miteremko na mabonde kabla hajaondoka ofisini. Mipaka hiyo ni dhana tu, na kazi ya shambani ni kuihakikisha.

Shambani mpimaji hufuata mstari kutoka kileleni hadi bondeni, akitoboa ardhi kwa keekee ya udongo kila baada ya umbali fulani na kupanga vipande vinavyotoka kwa mfuatano wa kina chake. Anapoona aina mpya, huchimbisha shimo lenye upana wa mita moja hivi na kina kinachofikia mita moja na nusu au mbili, isipokuwa mwamba ukizuia. Ukuta utakaosomwa huelekezwa upande wa jua, kisha hukwanguliwa kwa kisu hadi matabaka yajitokeze.

Kila tabaka huandikwa habari zake. Rangi hulinganishwa na kitabu cha vipande vya rangi vyenye namba, ili nyekundu ya mtu wa Tanga iwe sawa na nyekundu ya mtu wa Kisumu. Donge la udongo hulowanishwa na kufinyangwa kati ya kidole gumba na cha shahada: likisukumika kuwa utepe mrefu usiokatika, mfinyanzi ni mwingi; likimeguka na kuchoma ngozi, ni kichanga. Tone la asidi hudondoshwa. Povu likitoka, kuna chokaa. Mizizi hufuatwa hadi inapokomea, kwa maana mizizi inayopinda na kwenda pembeni inaonyesha tabaka gumu hata kabla kisu hakijaligusa. Madoa ya kutu na ya kijivu huonyesha mahali maji yanaposimama sehemu ya mwaka, hata kama shimo limechimbwa wakati wa kiangazi.

Sampuli hufungwa mifukoni na kupelekwa maabara kupimwa uchachu, mboji, nitrojeni, fosforasi na uwezo wa udongo kushika virutubisho. Mpimaji mzuri huwauliza pia wenye mashamba: mahali hapa panaitwaje, mwaka wa mvua nyingi hupandwa nini, na ni kwa nini sehemu ile imeachwa. Mara nyingi mpaka wa jina la kienyeji huangukia karibu na mpaka uliooneshwa na keekee.

Taasisi za kitaifa

Baada ya Kongwa, miradi mikubwa ilianza kutanguliwa na upimaji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa mwaka 1961 ripoti ya majuzuu kadhaa juu ya bonde la Rufiji, ikihusu pia Kilombero na Usangu, na ndani yake maeneo yanayofaa kumwagiliwa yalitenganishwa na yale yasiyofaa. Kwa kilimo cha umwagiliaji hatua hiyo haikwepeki. Maji yakipelekwa kwenye ardhi isiyopitisha vizuri, chumvi hupanda juu na kuua mazao, kama ambavyo mashamba ya miwa ya Arusha Chini, kusini mwa Moshi, yamelazimika kupambana nayo.

Kenya ilianzisha idara yake ya upimaji wa udongo mwaka 1972, makao yakiwa Kabete karibu na Nairobi, kwa msaada wa Uholanzi. Aliyeiongoza miaka ya mwanzo ni Wim Sombroek, ambaye baadaye aliongoza taasisi ya kimataifa ya habari za udongo huko Wageningen. Mwaka 1982 idara hiyo ilitoa ramani ya udongo ya Kenya nzima kwa kipimo cha 1:1,000,000, na ramani za kina zaidi za maeneo ya kilimo kama Kisii.

Tanzania iliweka Huduma ya Taifa ya Udongo huko Mlingano, mkoani Tanga, penye kituo cha zamani cha utafiti wa mkonge. Kazi za Mlingano zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa kupima maeneo ya miradi, mashamba ya serikali na wilaya. Ya pili ilikuwa kugeuza habari za udongo kuwa ushauri wa mbolea. Mwaka 1984 kilitoka kitabu cha mapendekezo ya mbolea kwa kila mkoa na wilaya, kikiwa hatua ya kuachana na agizo moja la nchi nzima. Mwaka huo huo FAO ilichapisha maelezo ya udongo, sura ya nchi na kanda za kilimo za Tanzania.

Manufaa ya ushauri wa namna hiyo yanaonekana wazi katika fosfati ya Minjingu, mawe yanayochimbwa karibu na Ziwa Manyara. Mawe hayo yaliyosagwa huyeyuka taratibu katika udongo wenye uchachu na kuwapa mimea fosforasi pamoja na chokaa kidogo. Katika udongo ambao tayari una chokaa nyingi hayayeyuki vizuri, na mkulima atakuwa ametupa fedha zake. Mfuko ule ule ni mbolea nzuri katika wilaya moja na unga usio na kazi katika nyingine, na ni habari za udongo tu zinazoweza kutofautisha wilaya hizo.

Mwaka 1976 FAO ilitoa mwongozo wa kutathmini ardhi ambao ulibadilisha matumizi ya ramani hizi. Kabla yake ardhi iliitwa nzuri au mbaya kwa jumla. Mwongozo ulitaka kila kipande kipimwe kwa kulinganisha sifa zake na mahitaji ya zao maalumu, kisha kiwekwe katika daraja: kinafaa sana, kinafaa wastani, kinafaa kidogo, au hakifai. Mbuga inaweza kuwa daraja la juu kwa mpunga na daraja la mwisho kwa mihogo, ambayo mizizi yake huoza majini. Wasukuma wangekubaliana na mwongozo huo bila mjadala.

Hata hivyo elimu hii haikutumika kila mahali ilipohitajika. Katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijiji vipya kwa muda mfupi, mara nyingi kando ya barabara. Kasi ile haikuruhusu kupima udongo wa kila kijiji, na wakulima wengi walijikuta kwenye ardhi wasiyoijua tabia. Baadaye sheria zilielekea njia nyingine. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi iliundwa mwaka 1984. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake. Na sheria ya mwaka 2007 iliweka utaratibu wa mipango ya matumizi ya ardhi kuanzia kijiji hadi taifa. Katika kutenga maeneo ya kilimo, malisho, makazi na hifadhi, habari za udongo zinapokuwepo hupunguza ugomvi, kwa sababu pande zote huweza kuona ni kwa nini bonde fulani limeachiwa wafugaji na mteremko fulani wakulima.

Ramani za kompyuta

Upimaji wa shimo kwa shimo ni ghali na wa polepole. Tangu mwaka 2009 mradi wa habari za udongo wa Afrika, ulioshirikisha vituo vya utafiti vya Nairobi na taasisi ya Wageningen, ulileta njia nyingine. Sampuli humulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, na namna zinavyourudisha mwanga huo hukadiria mboji, mfinyanzi na uchachu kwa dakika chache badala ya siku za kazi ya kemia. Makadirio hayo huunganishwa na picha za satelaiti, mwinuko wa ardhi na takwimu za mvua, na kompyuta hukadiria udongo wa mahali ambapo hapajachimbwa. Ramani ya bara zima iliyochapishwa mwaka 2015 iligawa Afrika katika vipande vya mita 250, ikitumia sehemu 28,000 hivi zilizochukuliwa sampuli, nyingi zikitoka katika ripoti za zamani za wapimaji. Mwaka 2021 ilifuata nyingine ya vipande vya mita 30.

Vipande vya mita 30 ni vidogo kuliko mashamba mengi, lakini udogo wa kipande si sawa na uhakika wa kilichoandikwa ndani yake. Kompyuta hukadiria vizuri mahali ambapo mashimo ya zamani ni mengi, na hukosea zaidi mahali ambapo hapajawahi kuchimbwa. Hukadiria vizuri zaidi tabia za tabaka la juu kuliko tabaka gumu lililojificha nusu mita chini. Kati ya vipimo vinavyoiongoza kompyuta, kimoja cha muhimu zaidi ni nafasi ya kila kipande kwenye mteremko, yaani kanuni ya katena ikiwa imeandikwa upya kwa hesabu.

Kituo cha Mlingano sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na bado ndicho kituo cha utafiti wa udongo nchini. Kati ya ramani ya bara na shamba la ekari mbili bado kuna hatua ambazo historia yote hii inazithibitisha: ramani ndogo huonyesha mahali pa kwenda kupima, ramani ya kina hutangulia maamuzi ya fedha na sheria, na keekee hutangulia jembe. Hatua hizo zilipofuatwa kwa mpangilio huo, kama Rufiji, ardhi ilipangiwa kazi inayoiweza. Ziliporukwa, kama Kongwa, upimaji ulikuja kueleza sababu za hasara iliyokwisha tokea.